Unapojitengenezea Mwenyewe: Baiskeli, Vichezeo, Vifaa vya Umeme na Mikusanyo ya Nyumbani

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, kujitengenezea kifaa si jambo geni. Kabla majembe ya viwandani hayajaenea, Wafipa walisifika kwa uhunzi. Waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru refu la udongo liitwalo ilungu, lililoweza kufikia mita 3 kwenda juu, na ambalo lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo hakikufuliwa jembe papo hapo. Kilipelekwa kwanza katika tanuru dogo, kintengwe, kikasafishwa kwa moto wa mivukuto, ndipo mhunzi akakitia nyundo. Mabaki ya malungu hayo yanaonekana hadi leo katika sehemu mbalimbali za Mkoa wa Rukwa.

Leo ustadi huo umepata malighafi nyingine. Watoto huunda magari kwa nyaya, mabua na vizibo vya soda. Mafundi wa baiskeli hurefusha keria kwa nondo ili ibebe gunia la mahindi. Vijana huchukua betri ya kompyuta iliyokufa, wakaifufua na kuwasha taa ya chumbani. Wapo pia wanaokusanya sarafu, redio za zamani na majembe ya mababu.

Sisi tuliokabidhiwa kazi ya kumlinda mtumiaji hatuna sababu ya kuwavunja moyo watu hawa. Kifaa kilichofufuliwa huokoa fedha na hupunguza taka. Hata hivyo, sheria na alama za ubora humlinda mtu anayenunua bidhaa iliyokamilika dukani; anayejitengenezea huwa yeye mwenyewe ndiye kiwanda, mkaguzi na mtumiaji. Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya kazi ya ukaguzi.

Kanuni tunayoipendekeza ni moja. Kila kifaa kina sehemu ambazo zikishindwa, kazi husimama tu, na kina sehemu chache ambazo zikishindwa, mtu huumia. Keria ikilegea, mzigo huanguka. Breki ikikatika, mtu huanguka. Sehemu za aina hii ya pili tutaziita sehemu za usalama. Buni upendavyo katika sehemu nyingine zote. Kwa sehemu za usalama, nunua kipuri kinachostahili, kipime, na utunze risiti yake.

1. Baiskeli na mteremko wa Lyamba lya Mfipa

Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Anayetoka uwandani kuelekea Muze na vijiji vya bondeni hushuka kingo za Lyamba lya Mfipa, na kimo anachokipoteza ni karibu mita 1,000. Baiskeli iliyotengenezwa kumbeba mtu mmoja katika barabara tambarare haikukusudiwa kufanya kazi hiyo ikiwa na gunia nyuma.

Tufanye hesabu. Mtu, baiskeli na mzigo wake vyenye jumla ya kilo 130 vikishuka mita 1,000, nishati inayopaswa kumezwa njiani inatosha kuchemsha karibu lita 4 za maji. Anayeshuka kwa kasi huachia upepo sehemu ya nishati hiyo, lakini kasi hiyo ndiyo hatari yenyewe. Anayeshuka polepole huiachia mipira ya breki na rimu. Ndiyo sababu mipira huungua, hutoa harufu, kisha hupoteza uwezo wa kushika pale inapohitajika zaidi.

Kwa hiyo, katika baiskeli iliyoongezewa uwezo wa kubeba, sehemu ya kwanza ya usalama ni breki. Tunashauri yafuatayo:

Baiskeli iwe na breki mbili zinazofanya kazi kila moja peke yake, ya mbele na ya nyuma. Ikiwa moja imeondolewa ili kupisha keria, keria hiyo imewekwa vibaya.

Mpira wa breki usikatwe kutoka kwenye tairi kuukuu wala soli ya ndala. Mpira wa namna hiyo hushika vizuri siku ya kwanza kwenye tambarare, kisha hulainika kwa joto au huteleza mvua inaponyesha. Mipira halisi ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo katika baiskeli nzima.

Kabla ya safari, pakia mzigo kamili, simama kwenye mteremko mfupi ulio salama, ukafinye breki moja moja. Kila moja iweze kuizuia baiskeli isisogee. Isipoweza kuizuia ikiwa imesimama, haitaweza kuisimamisha ikiwa mwendoni.

Katika mteremko mrefu, shuka ukokote mzigo mzito badala ya kuupanda, na upumzike kila mara. Gusa rimu kwa tahadhari: ikiwa joto lake halivumiliki kwa kidole, breki zinahitaji muda wa kupoa.

Sehemu ya pili ya usalama ni foki na maungio ya fremu karibu na usukani. Kuchomelea keria ni jambo la kawaida na mara nyingi halina madhara. Kuchomelea foki iliyopasuka ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma kilicho kando ya kiungo. Ufa mpya hautokei pale palipochomelewa, bali pembeni yake. Dalili yake ya mwanzo ni mstari mwembamba wa kutu au rangi iliyopasuka. Foki iliyopasuka au kupinda ibadilishwe. Ikivunjika mteremkoni, gurudumu la mbele hutoka na mwendeshaji hutangulia kwa uso.

Wapo pia wanaofunga injini ndogo au mota ya umeme kwenye baiskeli. Wanaofanya hivyo watambue kwamba chombo kinachosukumwa na injini au mota kinaweza kuhesabiwa kuwa chombo cha moto chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na masharti yake ya usajili, leseni na bima. Ni busara kuwauliza askari wa usalama barabarani na ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania kabla ya kukitoa barabarani. Breki na fremu pia zilipimwa kwa kasi ya miguu ya mtu, si kwa kasi ya injini.

2. Dainamo, betri na taa

Katika nchi jirani ya Malawi, mwaka 2002, William Kamkwamba, kijana wa miaka 14 aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa ada, aliunda mtambo wa upepo kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki na dainamo, akawasha taa nyumbani kwao wilayani Kasungu. Kisa chake kinajulikana duniani kote. Kisichosimuliwa sana ni kwamba baadaye aliunda pia kikata umeme kwa misumari miwili, waya na sumaku, kwa sababu alitambua kwamba nyaya zake chini ya paa la nyasi zingeweza kuiteketeza nyumba. Hapa Tanzania, fundi baiskeli wa Arusha, Bernard Kiwia, amejulikana kwa kuunda mashine zinazoendeshwa kwa kanyagio, ikiwamo ya kuchaji simu. Kazi za namna hii zinawezekana Ufipa pia, mradi sehemu za usalama zisisahaulike.

Dainamo ya kawaida ya baiskeli imeandikwa volti 6 na wati 3. Simu huchajiwa kwa volti 5. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ina mitego miwili. Kwanza, umeme wa dainamo hubadili mwelekeo kila mara, ilhali simu inahitaji umeme unaokwenda upande mmoja. Lazima upitie dayodi. Pili, volti 6 hupatikana taa inapokuwa imewashwa na mwendo ni wa wastani. Taa ikizimwa na baiskeli ikashuka mlima kwa kasi, volti zinaweza kupita 20. Sehemu ya usalama hapa ni kidhibiti volti. Usiunganishe simu moja kwa moja, hata kwa dakika chache za majaribio.

Betri za kompyuta na za benki za umeme zina seli za lithiamu, ambazo fundi wengi huzitoa na kuziunga upya. Seli moja huwa na volti 3.7 za wastani na haipaswi kupita 4.2 inapojaa. Ikizidishwa, hupata joto, huvimba na inaweza kulipuka kwa moto usiozimika kwa urahisi. Kwa hiyo:

Usichaji seli za lithiamu kwa chaja ya betri ya gari au ya pikipiki. Tumia chaja iliyotengenezwa kwa aina hiyo ya seli.

Usiitupe saketi ndogo ya ulinzi iliyomo ndani ya betri ya zamani ukadhani ni takataka. Kazi yake ni kukata umeme seli inapojaa au inapokwisha, na ndiyo sehemu ya usalama ya betri nzima. Seli ulizoziunga upya zinahitaji saketi ya ulinzi inayolingana na idadi yake.

Usitumie seli iliyovimba, iliyobonyea au inayopata moto wakati wa kuchaji. Usiitoboe. Iweke nje, juu ya mchanga, mbali na nyumba na watoto.

Usichaji betri uliyoiunga mwenyewe juu ya godoro, wala usiku wakati watu wamelala.

Betri ya gari inayotumiwa na sola nayo ina tabia zake. Volti 12 hazirushi mtu, na kwa sababu hiyo wengi huziona ni salama. Lakini nyaya zake mbili zikigusana, mkondo unaopita ni mkubwa kiasi cha kuufanya waya uwake mwekundu. Funga fyuzi kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, kabla ya taa ya kwanza kuunganishwa. Aidha, betri hiyo inapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche. Tunajua kwamba usiku wa Juni na Julai baridi ya Sumbawanga humlazimu kila mtu kufunga madirisha. Basi betri isichajiwe katika chumba kilichofungwa. Iwekwe mahali penye hewa, hata kama ni barazani chini ya kibanda chenye kufuli.

Betri ya gari iliyokufa isivunjwe nyumbani ili kupata risasi ya kuyeyusha, iwe kwa ajili ya uzito wa nyavu au kazi nyingine. Mvuke na vumbi la risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na madhara hayo hayarudi nyuma. Iuzwe nzima kwa wanaokusanya betri chakavu.

Kazi yoyote inayogusa umeme wa volti 230 wa ukutani haimo katika orodha ya ubunifu wa nyumbani. Mwachie fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, na umwombe akuonyeshe leseni hiyo.

3. Redio na simu

Kuunda redio ya kupokea matangazo ni somo zuri kwa kijana. Kuunda mtambo wa kurusha matangazo ni suala tofauti: Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Sharti hili lina sababu ya kiufundi. Masafa ya FM yanaishia megahezi 108, na hapo hapo ndipo yanapoanza masafa ya vyombo vya kuongozea ndege. Mtambo wa kienyeji usiochujwa vizuri hutawanya mawimbi hadi huko, na anayeurusha hana namna ya kulijua hilo kwa kusikiliza tu.

Anayenunua simu kuukuu kwa ajili ya vipuri abonyeze *#06# ili aone namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, kisha aitume kwenda 15090 ili kuihakiki. Simu bandia zilizimwa nchini mnamo Juni 2016, na simu isiyotambulika haitafaa kitu hata ikikarabatiwa kwa ustadi mkubwa. Simu isiyoweza kuwaka isinunuliwe bila risiti au maandishi yenye jina la muuzaji, kwa kuwa inaweza kuwa ya wizi.

4. Vichezeo vya watoto

Gari la waya lililoundwa na mtoto mwenyewe ni miongoni mwa vichezeo bora tunavyovijua. Hapa sehemu za usalama ni chache na hukaguliwa kwa muda mfupi.

Ncha za waya zikunjwe kwa ndani na kingo za bati zikunjwe mara mbili. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kitu chochote kinachopenya kwenye tundu la kipenyo cha sentimita 3 kinaweza kumkaba koo. Vizibo, magurudumu ya ndala na shanga viangaliwe kwa kipimo hicho. Rangi iliyobaki katika kopo la zamani lisilo na maelezo isipakwe kwenye kichezeo, kwani inaweza kuwa na risasi, na mtoto hupeleka kila kitu mdomoni.

Onyo kubwa zaidi linahusu betri bapa ndogo zenye umbo la kitufe, zinazopatikana katika saa, rimoti, kadi za muziki na vichezeo vya bei nafuu. Mtoto akiimeza ikamkwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2, hata kama betri hiyo haina tena nguvu ya kuwasha taa. Mwanzoni mtoto anaweza kuonekana mzima. Ukishuku tu kwamba amemeza, mpeleke hospitali mara moja na useme wazi kwamba ni betri, usimtapishe. Kichezeo chenye betri hiyo kiwe na kifuniko kilichofungwa kwa skrubu.

5. Mikusanyo

Kukusanya vitu hakumchomi mtu moto, lakini kuna hasara na makosa ya kisheria ambayo mkusanyaji huyaingia bila kujua.

Kwa wakusanyaji wa fedha: noti za zamani zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, si fedha halali tena baada ya 5 Aprili 2025, siku ya mwisho iliyotangazwa na Benki Kuu kuzibadilisha. Zinaweza kubaki kama kumbukumbu. Anayekuuzia kwa ahadi kwamba benki bado itazipokea anakupotosha.

Kwa wapenzi wa vitu vya kale: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na inakataza kuchimba kuvitafuta bila leseni. Ilungu lililobomoka shambani si chuma chakavu. Ukikuta mabaki yake, yaache yalivyo na utoe taarifa kwa ofisi ya utamaduni ya halmashauri. Jembe la kurithi kutoka kwa babu ni vema liandikiwe historia yake: lilitoka kijiji gani, kwa nani na lilitumikaje. Bila maelezo hayo, baada ya kizazi kimoja litabaki kipande cha kutu.

Ngozi, pembe, meno na magamba ya wanyamapori yasiingizwe katika mkusanyo wowote bila kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kusema kwamba uliokota hakutoshi kuwa utetezi.

6. Unaponunua vipuri na unapoanza kuuza

Dai risiti inayotaja kipuri chenyewe, si neno "vifaa" pekee. Bila risiti ni vigumu kuthibitisha ulinunua nini na kwa nani. Fahamu pia kwamba ukifungua kifaa kipya na kukibadili, kwa kawaida dhamana ya muuzaji hukoma. Kabla ya kukifungua, hakikisha muda wa dhamana umekwisha au umekubali kuipoteza.

Kipuri kikiwa kibovu, rudi kwanza kwa muuzaji. Usiporidhika, malalamiko kuhusu bidhaa bandia au udanganyifu hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Ya bidhaa zilizo chini ya viwango hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Ya simu na mawasiliano hupelekwa TCRA.

Siku jirani atakapokuomba umtengenezee keria au taa kama yako, nawe ukapokea malipo, hali yako hubadilika. Umekuwa muuzaji, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inayomkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi inakuhusu. Mweleze mteja wazi uzito ambao keria inaweza kubeba na mambo asiyopaswa kuyafanya. Ofisi ya SIDO ya mkoa iliyopo Sumbawanga huwashauri wabunifu na huwatambulisha wajasiriamali wadogo kwa TBS kwa ajili ya alama ya ubora. Wenye ubunifu mpya wanaweza pia kushiriki MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanzishwa mwaka 2019.

Kabla ya kukitumia, jiulize

Ni sehemu ipi ya kifaa hiki ikishindwa itamuumiza mtu?

Je, sehemu hiyo ni kipuri kinachostahili, au ni cha kubahatisha?

Nimekipima kikiwa na mzigo kamili, mahali ambapo kikishindwa hakuna atakayeumia?

Nani mwingine nyumbani atakigusa, na je, anajua hatari yake?

Ningekubali mwanangu akitumie nisipokuwapo?

Ikiwa jibu la swali la mwisho ni hapana, kifaa hicho bado hakijakamilika. Kirudishe kwenye karakana, kama mhunzi wa Ufipa alivyokirudisha chuma kwenye moto wa kintengwe kabla ya kukifua jembe.